Klachi Ikisumbua, Anza Nje Kabla ya Kufungua Injini

Asubuhi moja tulikuwa Ukonga, katika Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam. Tulikaa kijiweni pamoja na madereva wa bodaboda. Mara akaja kijana mmoja anasukuma pikipiki, jasho linamtoka. Alikuwa akimpeleka abiria Pugu. Alipoanza kupanda mlima, injini iliunguruma sana lakini mwendo ukawa wa kobe. Abiria akashuka, akapanda pikipiki nyingine. Kijana akarudi mikono mitupu.

Fundi wa kwanza alisikiliza mlio tu. Akasema, "Klachi imekwisha hiyo. Tufungue injini."

Kijana akashika kichwa. Pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenyewe hesabu, na siku hiyo hakuwa amepata hata nusu yake.

Hapo alikuwapo mzee mmoja aliyefanya ufundi miaka mingi. Akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu." Akaushika mkono wa klachi. Ulikuwa umekaza kabisa, hauchezi hata kidogo. Akauliza, "Nani aliukaza waya huu?" Kijana akajibu, "Mimi mwenyewe, mzee, juzi. Gia zilikuwa ngumu kuingia." Mzee akalegeza nati mbili, akaupa waya nafasi. Kijana akaenda kuijaribu pikipiki kwenye mwinuko. Alirudi anacheka.

Ndugu wasomaji, siku hiyo injini haikufunguliwa. Lakini ingekuwaje kama mzee yule asingekuwapo? Ndiyo maana leo tunaeleza habari za klachi. Huenda wewe unayesoma unayo pikipiki ya zamani kijijini kwako, na fundi yuko mbali. Au fundi yuko karibu, lakini hujui umwulize nini. Neno letu la leo ni moja: anza nje, kisha ingia ndani.

KLACHI NI KITU GANI?

Injini ikiwaka, inazunguka wakati wote. Gurudumu la nyuma halizunguki wakati wote. Lazima kiwepo kitu cha kuviunganisha na kuvitenganisha. Kitu hicho ndicho klachi.

Fikiria chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ndani ya klachi zimo pleti zilizopangwa hivyo. Pleti moja ni ya chuma kitupu. Inayofuata imebandikwa kitu cha kukamata, mfano wa kizibo cha chupa. Kisha chuma tena, kisha ya kukamata tena. Springi huzibana pleti hizo zote pamoja. Zikibanwa, zinazunguka kama kitu kimoja, na nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu.

Ukivuta mkono wa klachi, unavuta waya. Waya unaondoa mbano wa springi juu ya pleti. Pleti zinaachana. Injini inazunguka peke yake, nawe unapata nafasi ya kubadili gia.

Katika pikipiki nyingi tunazozitumia, pleti hizo zinakaa ndani ya oili ile ile ya injini. Kumbuka jambo hili. Tutalirudia.

Pikipiki ya Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na matengenezo ni haba. Baadaye viwanda vya China viliiga injini ile, na pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya namna hiyo. Katika injini hiyo klachi iko upande wa kulia, chini ya kava kubwa.

MAGONJWA MAWILI YA KLACHI

Klachi ina magonjwa mawili makubwa. Usiyachanganye, maana dawa zake ni tofauti.

Ugonjwa wa kwanza ni kuteleza. Pleti hazibanani vizuri. Dalili zake ni hizi: ukiongeza mafuta injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Pikipiki inashindwa mlima au mzigo. Pengine unasikia harufu ya kuungua. Kuipima, panda mwinuko ukiwa gia ya tatu, uongeze mafuta. Kama mlio unapanda na mwendo unabaki pale pale, klachi inateleza.

Ugonjwa wa pili ni kutoachia. Pleti haziachani hata ukivuta mkono wa klachi. Dalili zake: gia zinaingia kwa shida na kwa kelele. Huipati "frii" wakati umesimama. Pikipiki inataka kwenda ingawa umeshika klachi. Hii ni hatari. Pale njia panda penye watu wengi, pikipiki inaweza kukuponyoka ikamgonga mtu.

Kuupima ugonjwa wa pili, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma liwe hewani. Asikae mtu mbele wala nyuma. Washa injini, iache ipate joto. Vuta mkono wa klachi mpaka mwisho, uingize gia ya kwanza. Gurudumu likizunguka polepole, si neno. Likizunguka kwa nguvu, klachi haiachii. Usiguse gurudumu wala mnyororo kwa mkono wakati injini inawaka.

HATUA YA KWANZA: PIMA MCHEZO WA MKONO WA KLACHI

Zima injini. Vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja, taratibu. Mwanzoni unakuja bila uzito. Halafu unaanza kuwa mzito. Ile sehemu isiyo na uzito ndiyo mafundi wanaiita mchezo. Kwa Honda CG125, ncha ya mkono inatakiwa icheze kati ya sentimeta 1 na 2. Ni kama upana wa kidole kimoja. Pikipiki za aina nyingine zina vipimo vyake. Angalia kitabu chake kama kipo.

Mchezo ukiwa hakuna, waya unakuwa umevutwa wakati wote. Springi hazizibani pleti vya kutosha. Basi klachi inateleza. Hayo ndiyo yaliyompata kijana wetu.

Mchezo ukizidi, unavuta mkono mpaka mwisho lakini waya haujafanya kazi yote. Pleti haziachani. Basi gia zinakuwa ngumu.

Rekebisha kwa nati. Nati moja iko juu, karibu na mkono. Nyingine iko chini, waya unapoingia kwenye injini. Legeza kwanza nati ya kufungia. Zungusha nati ya kurekebishia kidogo kidogo, ukipima kila mara. Ukipata kipimo, kaza nati ya kufungia. Kisha geuza usukani kushoto na kulia. Mchezo usibadilike. Ukibadilika, waya umepita mahali pabaya au umebanwa.

Jambo moja la kukumbuka: pleti zinavyolika, mchezo hupungua wenyewe. Kwa hiyo usiurekebishe mara moja ukasahau. Pima kila wiki.

HATUA YA PILI: ANGALIA WAYA

Je, mkono wa klachi ni mzito? Ukiuachia, unarudi polepole? Pengine ni waya uliokauka, una kutu au mchanga ndani. Chomoa ncha ya juu. Funga kipande cha mfuko wa plastiki kama mrija, utie oili nyepesi matone machache, uusimamishe waya mpaka oili itokee chini.

Tazama pia ncha zote mbili. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, usisubiri. Waya huo utakatika siku yenye mvua na abiria mgongoni. Nunua mpya. Bei ya waya ni ndogo kuliko gharama ya kufungua injini.

HATUA YA TATU: SOMA KOPO LA OILI

Hapa kisomo chako kinakulipa. Tulisema kwamba pleti zinaogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyingine za magari zimetiwa dawa ya kuzidisha utelezi. Kwa gari ni vizuri, maana klachi yake haikai ndani ya oili. Kwa pikipiki ni balaa. Pleti zinateleza hata zikiwa mpya.

Basi kabla ya kulipa, geuza kopo usome. Tafuta maandishi JASO MA au JASO MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani cha oili inayofaa klachi ya ndani ya oili. Ukikuta JASO MB, iache. Hiyo haifai kwa klachi ya namna hii.

Pima kiasi pia. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Futa kijiti cha kupimia, kichovye, utazame alama. Kwa Honda CG125, usikikaze kijiti unapopima, kichovye tu. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Oili nyeusi nzito iliyokaa muda mrefu hugandisha pleti, na klachi inakataa kuachia. Imwage ukaweke mpya.

SASA NDIYO TUFUNGUE

Umepima mchezo, umeangalia waya, umebadili oili, na ugonjwa uko pale pale? Basi kweli ugonjwa uko ndani. Mwite fundi. Lakini usiende kunywa chai. Kaa ukaangalie mambo haya:

1. Pleti za kukamata. Ziwekwe pamoja na pleti mpya. Zikiwa zimelika au zimeungua, zibadilishwe zote, si moja moja.

2. Pleti za chuma. Zikiwa na rangi ya bluu, zimepata moto mkali. Kila moja ilazwe juu ya kioo. Ikipepesuka, imepinda, haifai.

3. Springi. Injini nyingi za namna hii zina springi 4. Zisimamishwe pamoja na mpya. Iliyofupika imechoka.

4. Bakuli linaloshika pleti. Mara nyingine kingo zake zinachimbika vishimo. Pleti zinanasa humo, klachi inashtuka au haiachii. Vishimo vidogo hupigwa tupa. Vikiwa virefu, bakuli libadilishwe.

5. Kufunga. Pleti mpya zilowekwe kwanza katika oili. Boliti za springi zikazwe kidogo kidogo kwa mkingamo, si moja mpaka mwisho. Gasketi iwe mpya, la sivyo oili itavuja.

Mwisho, mwombe fundi akupe vifaa vya zamani. Fundi mwema hatakasirika. Ni haki yako kuona ulicholipia.

KINACHOUA KLACHI NI MKONO WETU

Tuseme kweli. Klachi nyingi hazifi kwa uzee. Tunaziua wenyewe. Wengine huweka vidole juu ya mkono wa klachi safari nzima. Wengine huondoka na gia ya pili. Wengine wakifika kwenye mchanga hushika klachi nusu na kuongeza mafuta, mpaka moshi unatoka. Kwenye mchanga ingiza gia ya kwanza, uachie klachi yote, uende polepole. Ikishindikana, abiria ashuke.

Na ile mishikaki? Abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja! Sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Mzigo ule unaichosha klachi, na ajali ikitokea inachukua wengi. Nauli ya abiria wa pili haitoshi kulipa mguu wa mtu.

ANDIKA KATIKA DAFTARI

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari dogo. Andika tarehe uliyobadili oili na jina la oili. Andika tarehe uliyorekebisha waya. Andika ulichomlipa fundi na alichobadilisha. Ukiona unakaza au kulegeza waya kila baada ya siku chache, daftari linakuonya kwamba ndani kuna jambo. Na kama pikipiki ni ya mtu mwingine, mwonyeshe daftari hilo. Itakuwa rahisi kwenu kupatana nani alipe nini.

Yule kijana wa Ukonga tulimwacha ananunua daftari duka la jirani. Hesabu ya siku ile haikutimia. Lakini alibaki na fedha ambazo zingemalizikia kwenye pleti zisizokuwa na kosa.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja. Je, unacheza?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja magonjwa mawili makubwa ya klachi. Utayatambuaje?
2. Kwa nini klachi huteleza waya ukikazwa mno?
3. Ukienda dukani kununua oili ya pikipiki, utasoma maandishi gani kwenye kopo?
4. Kijijini kwenu, madereva huziharibu klachi kwa njia gani? Mnaweza kufanya nini pamoja?