Kompyuta Inayouawa na Adapta Yake

Je, wajua kwamba Commodore 64, ambayo rekodi za Guinness zinaitaja kuwa modeli ya kompyuta ya mezani iliyouzwa kuliko zote, mara nyingi haifi kwa uzee? Huuawa na adapta inayoipa umeme.

Mashine hii ilionyeshwa Las Vegas, Marekani, Januari 1982, na kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa sokoni kwa dola 595. Makadirio ya zilizouzwa hadi kampuni ilipofilisika mwaka 1994 ni kati ya milioni 12 na 17. Kwa sura ni kibodi nene tu: kompyuta nzima imo ndani yake, na skrini ni televisheni ya sebuleni. Ina kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya kilobaiti 64, na prosesa yake hupiga takribani mapigo milioni moja kwa sekunde.

Unafuu wa bei ulikuwa na chanzo. Mwanzilishi wa Commodore, Jack Tramiel, mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi ya Auschwitz, aliwahi kuwa fundi wa taipureta jijini New York. Mwaka 1976 kampuni yake iliinunua MOS Technology, kiwanda cha chipu cha Pennsylvania. Washindani waliponunua chipu kwa bei ya soko, Commodore ilijitengenezea prosesa, chipu ya picha, chipu ya sauti na zile za kuhudumia kibodi na vifaa vya nje.

Kikulacho ki nguoni mwako

Adapta ya asili ni tofali zito lililojazwa epoksi. Ndani yake mna transfoma na regulata, na hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za DC na volti 9 za AC. Epoksi hiyo huzuia joto kutoka, na miaka inavyopita regulata huchoka. Ubaya ni kwamba inapoharibika si lazima ikate umeme. Mara nyingi huuachia upande. Volti 5 huwa 6, 7 au zaidi, ilhali chipu zilizo mbele yake zimeundwa kuvumilia kati ya 4.75 na 5.25. Za kwanza kuungua huwa chipu za kumbukumbu.

Ndiyo maana fundi anayeijua mashine hii hathubutu kuiwasha kwanza ili aone. Huanza kwa kuweka mita kwenye plagi ya adapta, ikiwa haijaunganishwa na kompyuta. Tena kipimo kizuri cha dakika ya kwanza hakimlaghai, kwa sababu regulata mbovu inaweza kutulia ikiwa baridi na kupanda ikishapata moto. Wengi huiweka kando adapta ya zamani hata ikiwa bado nzima, wakatumia mpya. Wengine huweka katikati kifaa kidogo kinachokata umeme mara tu volti zinapozidi kiwango.

Taa inawaka, skrini nyeusi

Volti 9 za AC hupita kwenye fyuzi iliyo ndani ya kompyuta. Katika bodi za mwanzo, hizo ndizo zinazogeuzwa kuwa volti 12 zinazohitajiwa na chipu ya picha, VIC-II, na ya sauti, SID. Taa nyekundu ya kuonyesha kwamba mashine imewashwa haitumii njia hiyo. Hutumia volti 5. Kwa hiyo fyuzi ikikatika, taa huwaka kama kawaida huku skrini ikibaki tupu. Mtu asiyejua huamini kompyuta imekufa, kumbe kilichokatika ni kijiwaya cha bei ya chini kuliko vyote vilivyomo.

Fyuzi ikiwa nzima, mshukiwa anayefuata ni chipu iitwayo PLA. Prosesa inaweza kutaja anwani 65,536 tu, na RAM peke yake inazijaza zote. Lakini kuna pia kumbukumbu ya kusomwa tu (ROM) ya kilobaiti 20 na chipu za picha, sauti na vifaa vya nje, na zote zinataka nafasi katika anwani hizohizo. PLA ni kama trafiki kwenye njia panda: kila anwani inapotajwa, yeye ndiye anayeamua nani apite na nani asubiri. Hufanya kazi ikiwa na joto kali, na ni miongoni mwa chipu zinazoongoza kwa kuharibika. Ikifa, prosesa haipati hata amri ya kwanza, na skrini haionyeshi kitu.

Chipu nane, baiti moja

Katika bodi nyingi, RAM ya kilobaiti 64 imegawanywa katika chipu 8, lakini si kwa namna ambayo wengi wangedhani, yaani kila chipu kilobaiti zake nane. Kila chipu hushika biti moja ya kila baiti. Chipu moja ikifa, hakuna pembe ya kumbukumbu inayosalimika, kwa kuwa kila baiti imepungukiwa biti. Kompyuta haiwezi kuwaka, na kwa kuwa haiwaki, haiwezi kujipima.

Commodore iliwapa mafundi wake jibu la tatizo hilo: katriji ya majaribio iitwayo Dead Test. Ikichomekwa nyuma ya mashine, prosesa huanza kwa kusoma programu ya katriji badala ya ROM ya kompyuta, na programu hiyo imeandikwa iweze kwenda hata RAM ikiwa mbovu. Ikikuta kasoro, skrini huwaka na kuzimika. Fundi huhesabu imewaka mara ngapi, na hesabu hiyo humwambia ni chipu ipi kati ya nane.

Asiye na katriji hutumia kidole. Chipu ya RAM yenye shoti hupata moto upesi kuliko wenzake. Hapa uzoefu unahitajika, kwa sababu VIC-II, SID na PLA huwa za moto hata zikiwa nzima. Kipimo cha kidole kina maana tu RAM inapolinganishwa na RAM. Njia nyingine ni kuipandisha chipu nzima mgongoni mwa ile inayoshukiwa, miguu ikigusana moja kwa moja, kisha kuwasha. Picha ikirudi, mkosaji amepatikana. Isiporudi, hakuna aliyeachiwa huru bado, maana chipu yenye shoti huivuta hata ile nzima iliyo juu yake.

Inayowaka na kasoro

Mashine inayowaka nusu husomeka kwa urahisi zaidi. Katika skrini yake ya kwanza, Commodore 64 huandika kwamba baiti 38911 ziko wazi kwa mtumiaji. Idadi hiyo haikukaririwa: kila inapowashwa, kompyuta huipima RAM baiti baada ya baiti hadi ifike mahali ROM inapoanzia. Namba ikiwa pungufu, maana yake kipimo kilikwama njiani kwenye baiti isiyoshika kilichoandikwa.

Ujumbe ukionekana kamili lakini kile kimraba kinachopepesa kuonyesha pa kuandika hakipo, fundi hutazama chipu ya kwanza kati ya mbili zinazoitwa CIA. Saa iliyo ndani ya chipu hiyo humkatiza prosesa takribani mara 60 kwa sekunde ili akague kibodi na kupepesa kimraba. Saa ikisimama, vyote viwili husimama. Maandishi yakiwa michoro isiyosomeka, lawama huelekea kwenye ROM ya herufi. Herufi zikiwa sawa ila rangi zinacheza, hapo ni RAM ndogo ya pekee inayotunza rangi.

Kibodi nayo hujieleza. Kitufe kimoja kikigoma, kwa kawaida ni uchafu, na spiriti safi yatosha. Kundi zima la vitufe likigoma pamoja, waya umekatika au CIA imepoteza mguu mmoja. Chipu hiyohiyo imeunganishwa na pini za mlango wa kijiti cha michezo zilizo wazi ubavuni mwa mashine, hivyo umeme tuli wa kidole kilichozigusa unatosha kuiharibu.

Miguu ya kukata

Kumjua mkosaji ni kazi moja, kumtoa ni nyingine. Chipu nyingi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na joto likizidi, njia nyembamba za shaba hubanduka. Chipu ikithibitika imekufa, njia salama ni kuikata miguu yote, kuutupa mwili wake, kisha kuyeyusha lehemu na kung'oa mguu mmojammoja. Mahali pake huwekwa soketi, ili atakayekuja baadaye asihitaji tena kulehemu.

Chipu za RAM bado hupatikana, na mbadala wa PLA hutengenezwa kwa chipu za kisasa zinazopangiliwa upya. Ugumu uko kwa zile zilizobuniwa na MOS yenyewe. SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes, ina sauti tatu na wanamuziki wangali wanaitafuta, lakini haijatengenezwa tangu miaka ya 1990. Mbadala zilizopo huiga tu mlio wake. Ule uamuzi wa Tramiel wa kujitengenezea chipu ndio uliomshushia mnunuzi bei mwaka 1982, na ndio unaomwacha fundi wa leo bila duka la kwenda. Vipuri vya kweli vya Commodore 64 vimo ndani ya Commodore 64 nyingine, kwa hiyo hata bodi iliyokufa kabisa ina mnunuzi wake.