Nafasi ya Maabara katika Shahada ya Fizikia Inayosomwa Mtandaoni: Mfano wa Pendulamu

Makala haya yanafafanua suala moja linalojitokeza kila shahada ya kwanza ya Fizikia inapotolewa mtandaoni: mtahini atajuaje kwamba mtahiniwa amewahi kupima kitu kwa mkono wake? Upande wa nadharia hauna utata mkubwa. Makanika, umemesumaku na thamodinamikia hufundishika kwa mihadhara iliyorekodiwa na mazoezi ya hesabu. Aidha, tangu Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) ilipotangaza mwaka 2001 kwamba itaweka maudhui ya kozi zake bure kwenye intaneti, mwanafunzi mwenye kompyuta, umeme na fedha za vifurushi anaweza kusoma mengi kati ya yale anayosoma mwenzake aliye darasani. Masharti hayo matatu si madogo, ila si mada ya makala haya.

Tatizo la maabara ni la zamani kuliko intaneti. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, kiliwapelekea wanafunzi wa sayansi masanduku ya vifaa kwa posta ili wafanye majaribio nyumbani, na kikawaita pia katika mafunzo ya ana kwa ana wakati wa kiangazi. Njia zote mbili zina gharama. Sanduku lina nauli yake, na mwanafunzi aliyeajiriwa hana budi kuomba ruhusa kazini. Ndiyo maana uigaji wa kompyuta umepokelewa kwa hamu: hauna nauli, hauvunjiki, na hauhitaji fundi sanifu wa maabara.

Udhaifu wake unaonekana vizuri katika jaribio ambalo karibu kila mwanafunzi wa Fizikia hulifanya, yaani kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia kwa pendulamu. Mlinganyo ni g = 4π²L/T², ambapo L ni urefu wa pendulamu na T ni muda wa mbembeo mmoja kamili. Mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam anapotumia uigaji uliowekewa thamani ya 9.81, atapata 9.81. Hata hivyo, thamani halisi ya mji huo ni takribani 9.78, kwa kuwa mvutano hupungua kadiri mtu anavyokaribia ikweta. Uigaji umempa jibu la latitudo za London, naye hana namna ya kulitambua hilo.

Sasa tumchukue mwanafunzi huyo huyo akiwa na uzi wa mita 1, kufuli lililofungwa mwishoni, na saa ya simu. Mbembeo mmoja utachukua sekunde 2.01 hivi. Kidole chake kikikosea kwa sekunde 0.2, kosa la muda ni asilimia 10, na kwa kuwa T imepigwa kipeo cha pili, kosa la g linakaribia asilimia 20. Akihesabu mibembeo 20, kosa hilo linashuka hadi asilimia 1. Hapo bado hawezi kudai kwamba ametofautisha 9.78 na 9.81, kwani tofauti ya thamani hizo ni asilimia 0.3 tu. Atahitaji mibembeo kama 100, na urefu uliopimwa kwa usahihi wa milimita. Akivuta kufuli hadi nyuzi 20 badala ya 5, muda wa mbembeo utaongezeka kwa takribani asilimia 0.7, na g itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Akipima uzi hadi juu ya kufuli badala ya kitovu chake cha uzito, sentimita 2 zilizopotea zitampa 9.58. Makosa haya ndiyo somo lenyewe. Uigaji umeyaondoa kabla mwanafunzi hajakutana nayo.

Simu zimepunguza pengo hilo kwa kiasi fulani. Programu ya phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, husoma vihisi vilivyomo ndani ya simu na kuifanya kuwa chombo cha kupimia mchapuko, sauti na usumaku. Majaribio ya mionzi au ya macho ya leza hayafanyiki sebuleni, na kwa hayo maabara ya chuo haina mbadala.

Kwa maoni ya mwandishi, kasoro kubwa zaidi imo katika upimaji wa wanafunzi kuliko katika vifaa. Ripoti inayosahihishwa kwa kuangalia ukaribu wa jibu na 9.81 humwadhibu aliyepima kwa uaminifu na kumpa alama aliyenakili. Mtahini anapaswa kudai takwimu ghafi, pamoja na zile zilizokatwa na kuandikwa upya, kisha amuulize mtahiniwa kwa mdomo: urefu ulipimwa kutoka wapi hadi wapi, na kufuli lilivutwa kiasi gani?