LAINI YA NG'AMBO: ESIM NA WASAFIRI WA BUTEMBO NA BENI

Miji ya Butembo na Beni, ambayo imetengana kwa kilomita 54 hivi katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, imejulikana kwa muda mrefu kwa biashara ya masafa marefu. Wafanyabiashara wake, ambao wengi wao ni Wanande, huvuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, na baadhi yao huendelea hadi Dubai na Guangzhou kutafuta nguo, vifaa vya ujenzi na vipuri vya pikipiki. Shehena zao hurejea kwa njia ya bandari ya Mombasa. Goma ilipotekwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia ya Kasindi na Entebbe ilizidi kuwa na umuhimu.

Msafiri wa aina hii hahitaji simu kwa mazungumzo tu. Picha za bidhaa, bei, hati za shehena na habari za usalama wa barabara ya Beni na Kasindi hupitia WhatsApp. Akikosa data kwa siku mbili, wakala wa Mombasa hapati hati kwa wakati, na jamaa waliobaki nyumbani hawajui kama amefika. Ndiyo maana eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, inastahili kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kadi ya kwanza ya SIM ilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland. Kazi yake ni kumtambulisha mteja kwa mtandao. Katika eSIM kazi hiyo haikubadilika. Kilichobadilika ni umbo. Chipu imeungwa ndani ya simu kiwandani, na taarifa za kampuni ya mawasiliano hupakuliwa, aghalabu kwa kupiga picha msimbo wa QR. Simu za kwanza zenye uwezo huo zilianza kuuzwa mwaka 2017. Njia rahisi ya kujua kama simu inao ni kubonyeza *#06#: ikiwa pamoja na namba ya IMEI yatokea namba ndefu iitwayo EID, chipu imo. Simu nyingi za bei nafuu hazina.

Hapa ndipo suala la istilahi linapojitokeza. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi husema laini. Mwenzake wa Butembo hutumia neno la Kifaransa, puce. Kinachoitwa salio au vocha kwingineko, Kongo huitwa unités, na bando la data huitwa mégas. Kulitohoa jina eSIM kwa kanuni za kawaida kunaleta neno isimu, na wasomaji wa taarifa hii hawahitaji kukumbushwa kwamba neno hilo lina mwenyewe. (Ajabu ni kwamba maana yake ya asili, yaani jina, haiko mbali na kazi ya chipu yenyewe.) Wapo wanaopendelea kadi pepe, lakini pepe hudokeza kitu kisicho na umbo, hali chipu ipo na inashikika. Laini ya ndani ni afadhali. Ama itinérance des données, maneno yanayoonekana katika simu iliyowekwa kwa Kifaransa, yanaweza kuitwa data ya ng'ambo. Kwa mtu wa Kasindi istilahi hiyo ina maana ya moja kwa moja, kwa kuwa Uganda ni ng'ambo ya mto Lubiriha.

Hasara nyingi hutokana na kutofahamu mambo machache. Kwanza, eSIM za wasafiri kwa kawaida ni za data tu. Hazina namba ya kupigiwa. Kwa hiyo laini ya nyumbani, yenye +243, haifai kuzimwa wala kutolewa, kwani ujumbe wa uthibitisho wa benki au wa M-Pesa hutumwa kwenye namba hiyo. Kinachozimwa ni data ya ng'ambo ya laini hiyo. Kwa upande wa eSIM mambo ni kinyume: data ya ng'ambo sharti iwashwe, la sivyo haifanyi kazi, maana laini hiyo iko ugenini kila mahali. WhatsApp haiathiriki, kwa sababu hufuata namba iliyosajiliwa wala haijali data inatoka laini ipi.

Pili, kupakua eSIM kunahitaji intaneti. Anayengoja hadi atue uwanja wa ndege anajitia mashakani. Shughuli hiyo ifanywe Butembo au Kampala. Aidha, isifutwe kwa kudhani kwamba itarudishwa baadaye. Misimbo mingi hutumika mara moja tu, na aliyefuta hulazimika kununua upya. Malipo nayo mara nyingi hudai kadi ya benki, jambo linalowafungia nje wengi wenye fedha za simu pekee.

Mjini Guangzhou faida ya eSIM ya kigeni ni kubwa. Mitandao ya China huzuia WhatsApp, lakini data ya mgeni hurudishwa kwanza kwenye mitambo ya nje ya nchi, hivyo ujumbe hupita. Dubai ujumbe wa maandishi haukatazwi. Kinachozuiwa katika mitandao ya huko ni kupigiana simu kwa WhatsApp.

Kwa anayeishia Kampala, eSIM haina maana sana. Laini ya Uganda, inayosajiliwa kwa pasipoti, hugharimu kidogo na ina namba yake. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mpango wa Mtandao Mmoja, ulioanza mwaka 2014 baina ya Kenya, Rwanda na Uganda, ulilenga kwanza maongezi na si data. Tena mkazi wa Kasindi anaweza kujikuta ng'ambo bila kuvuka mto: mawimbi ya Mpondwe yakizidi nguvu, simu huyafuata. Dawa yake ni kuchagua mtandao kwa mkono katika mipangilio ya simu, badala ya kuiachia ijichagulie.