Fahamu: Je, mjane anaweza kurithi kiti cha mbunge?

Marekani iliwahi kutokea. Seneta Quentin Burdick wa North Dakota alipofariki Septemba 1992, gavana alimteua mjane wake, Jocelyn, akashika kiti hadi Desemba.

Tanzania haiwezekani. Elias Kwandikwa, Waziri wa Ulinzi na mbunge wa Ushetu, Shinyanga, alipofariki Agosti 2021, wananchi walirudi kwenye sanduku la kura. Oktoba wakamchagua Emmanuel Cherehani wa CCM.

Rais anateua wabunge wasiozidi 10, lakini hao hawana jimbo. Ndiyo njia aliyoingilia Salma Kikwete, mke wa rais mstaafu, mwaka 2017. Maneno yalikuwa mengi, sheria haikuvunjwa. Mwaka 2020 akagombea Mchinga, Lindi, akapata jimbo lake.