Mvua ya Vuli Isipite Bure: Ushauri wa Maji kwa Wakazi wa Miasenyi

Bomba la Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa kupitia kaunti yetu tangu miaka ya 1950. Hata hivyo, kwa jamii nyingi za Miasenyi, maji bado huhesabiwa kwa mitungi. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi katika ukanda huu. Kila mwananchi ajiandae kabla haijaanza.

Paa lako lina maji kiasi gani?

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Pima ardhi iliyofunikwa na mabati. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita mraba 48. Ikinyesha milimita 20, hizo ni lita 960. Hata thuluthi moja ikipotea kwa kumwagika, utabaki na lita 640, yaani mitungi 32 ya lita 20. Jamii inayotumia mitungi minne kwa siku itakaa siku nane bila mtoto kukosa masomo kwa sababu ya kuteka maji.

Kuvuna na kuhifadhi

Safisha paa na mitaro yake mapema. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha uelekeze maji kwenye tangi. Funika tangi na uweke wavu ili mbu wasizaliane. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Asiye na tangi aanze na pipa moja lenye kifuniko. Kumbuka pia kwamba wakati wa kiangazi ndovu hunusa maji. Usiache pipa wazi uani.

Ndani ya nyumba

Mfereji ukidondoka, weka ndoo chini yake usiku kucha. Asubuhi utaona unachopoteza. Mara nyingi kinachohitajika ni kubadilisha mpira wa ndani tu. Tumia kikombe unapopiga mswaki na beseni unapoosha vyombo.

Shambani

Maji ya kusuuza nguo na vyombo yanafaa kumwagiliwa mipapai na migomba. Usiyamwage juu ya mboga za majani. Maji yenye dawa kali za kusafishia yasitumike kabisa. Panda sukuma wiki kwenye vitalu vilivyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, ufunike udongo kwa nyasi kavu, na unyweshe jioni, jua likishapoa. Maji yataingia kwenye mizizi badala ya kukauka juu.

Ukiona bomba limepasuka, mjulishe msimamizi wa wadi au ofisi ya maji iliyo karibu siku hiyo hiyo. Maji yanayomwagika barabarani ni mitungi ambayo jirani yako atakosa.