KUSOMEA UUGUZI WA AFYA YA AKILI SI KUPOTEZA MUDA



Mama mmoja wa hapa Musoma alinijia na shida yake. Binti yake ana stashahada ya uuguzi, na sasa anataka kwenda chuo kikuu ili hatimaye awe muuguzi wa afya ya akili. Mama hakufurahi. Aliniuliza: "Dada, asome miaka yote hiyo, halafu akakae na vichaa?"

Sikumjibu haraka. Mimi nimeuguza miaka mingi kwa stashahada yangu, na najua ilikonifikisha na ilikoishia.

Zamani ndugu walituletea kijana kutoka upande wa Bunda, amefungwa kamba mikono. Alikuwa hajalala siku kadhaa, anasikia sauti zinazomwamuru. Tulimchoma sindano, akatulia. Baadaye tulimpa vidonge, akaruhusiwa, na kila mtu alishukuru. Haikupita muda mrefu akarudishwa, hali mbaya kuliko mwanzo. Alikuwa ameacha vidonge kwa sababu vilimtetemesha mikono na kumkakamaza shingo. Nyumbani wakasema amerogwa. Kumbe ni madhara ya dawa, nayo yana tiba. Hatukuwa tumewaambia. Kosa hilo lilikuwa letu wauguzi, nami nikiwemo.

Muuguzi huyu hujifunza nini?

1. Kuzungumza na mgonjwa. Habishani naye juu ya sauti anazosikia, wala hamcheki. Humsikiliza mpaka ajue kinachomtisha.

2. Dawa na madhara yake. Mgonjwa kama yule kijana huendelea na dawa angalau mwaka 1 baada ya dalili kuisha, na haziachi ghafla. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Wengi hukata tamaa mapema.

3. Kumtuliza mwenye vurugu bila kipigo wala matusi.

4. Kumtambua anayetaka kujiua. Watu huogopa kumwuliza, wakidhani watamtia wazo hilo. Sivyo. Kumwuliza kwa upole humpa nafasi ya kusema.

5. Kuifundisha familia, kwa maana ndiyo inayobaki na mgonjwa usiku na mchana.

Njia ya masomo

Hapa Tanzania shahada ya kwanza ya uuguzi huchukua miaka 4, na afya ya akili ni sehemu ya masomo hayo. Mwenye stashahada anaweza kuomba nafasi, akiwa na alama zinazotakiwa. Kwa sisi watu wa Mara, chuo kikuu cha Bugando kiko karibu, pale Mwanza. Baada ya hapo, anayetaka kubobea anaweza kusomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili, ambayo hutolewa Muhimbili, Dar es Salaam. Uingereza wamefanya tofauti: huko mwanafunzi huweza kuchagua tawi la afya ya akili tangu mwanzo, akasoma miaka 3, nusu darasani na nusu kwa wagonjwa.

Kwa nini tunawahitaji hapa?

Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani aliishi na tatizo la afya ya akili. Basi si ugonjwa wa ukoo fulani tu.

Kwa miaka mingi tumezoea kusema, "Apelekwe Mirembe." Hospitali hiyo ya Dodoma imesaidia wengi tangu miaka ya 1920. Lakini pimeni wenyewe safari ya kutoka Butiama hadi Dodoma, na nauli ya mgonjwa pamoja na wasindikizaji. Tena akipona hurudi nyumbani, nani atamfuatilia? Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 nchi yetu ilianza kujaribu, kwa kuanzia Morogoro na Kilimanjaro, kuzileta huduma hizi hadi zahanati. Zahanati bila muuguzi aliyefundishwa ni chumba chenye vidonge tu.

Mnachoweza kufanya sasa

Mwenye dalili msimfunge wala kumficha; mleteni hospitali mapema. Shikeni tarehe ya kliniki. Dawa zikimsumbua, mrudisheni aonwe, msizikatishe wenyewe. Na mtoto wenu akichagua kazi hii, msimwonee aibu.

Nilimsimulia mama yule habari za kijana wa Bunda. Akanyamaza, kisha akasema kwamba kwao naye yupo mjomba aliyeishia kufungiwa ndani ya nyumba. Hakusema amekubali. Ila juzi alinisimamisha sokoni kuniuliza habari za ada na mkopo wa serikali.

Mimi umri umepita 50, sitarajii kuanza shahada. Lakini binti huyo akirudi na elimu yake, nitakaa mbele yake na daftari.

Tuonane mwezi ujao.