Shahada ya ‘kucheza’: Swali la mzee wa Bodo lina jibu refu

MWEZI jana nilikuwa Bodo, nikisubiri maji yajae ili nivuke kwenda kisiwa cha Funzi. Asiyepajua Bodo aishike barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, aipite Msambweni, kisha aache lami aelekee baharini hadi mikoko imzuie. Nilikuwa nimekwenda kusikiliza Kichifundi, lahaja ambayo wanaisimu huitaja kwa nadra ilhali wenyewe wanaizungumza kila siku wakishona nyavu.

Pale chini ya mwembe mzee mmoja, aliponitambua kuwa mwalimu wa chuo kikuu, hakunipa hata nafasi ya kumaliza chai.

“Bwana Profesa,” akaniambia, “mjukuu wangu kaitwa chuo kikuu. Ati akasomee kucheza. Miaka mitatu, minne, kucheza! Huku kwetu kucheza nani hakujui?”

Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini niseme kweli, swali lilinibana. Msichana mwenyewe alikuwa amesimama kando ya mlango na simu mkononi, na niliona wazi kwamba hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amechagua kozi ya sanaa za maonyesho kwa hiari yake, KUCCPS ikampa. Nyumbani palikuwa na mvutano. Wajomba walitaka abadilishe, asomee uuguzi au ualimu. Mama yake hakusema neno.

Hebu tulianzie neno lenyewe, maana nusu ya mgogoro ule ulikuwa wa lugha. Alipoambiwa kwamba mjukuu atasomea “theatre”, mzee aliomba tafsiri, na aliyemtafsiria akampa kitenzi kilichokuwa karibu: kucheza. Katika Kiswahili kitenzi hiki kimebeba mizigo mingi. Mtoto hucheza kibe, kijana hucheza mpira, bibi harusi huchezewa vugo, mwigizaji hucheza nafasi ya mfalme. Jambo likiwa zito tunasema si mchezo. Kwa hiyo mtu mzima akisikia kwamba serikali itamlipia mtoto mkopo wa kucheza, ana haki ya kushtuka.

Lakini lipo tumizi jingine ambalo wengi wa vijana wetu hawalijui. Wazee wa mwambao husema kumcheza mwali. Hapo mwali si mchezaji. Yeye ndiye anayechezwa. Ngoma inapigwa, nyimbo zinaimbwa, mafunzo yanatolewa, na akitoka mle ndani si yule aliyeingia. Ndivyo hivyo hivyo kwa kupunga pepo: mgonjwa hupungwa. Sarufi yenyewe inatuambia kwamba kuna maonyesho ambayo hayatazamwi tu, yanamtenda mtu na kumbadilisha hadhi. Arnold van Gennep aliandika kitabu kizima kuhusu mila za mpito mnamo 1909, na baadaye Victor Turner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wandembu wa Zambia, akaliendeleza wazo hilo hadi likawa mojawapo ya misingi ya taaluma ambayo New York iliipa idara yake yenyewe mwaka wa 1980. Nilipomweleza mzee hayo aliniuliza, “Sasa hao Wazungu wakatoka Zambia na nini?” Nikamwambia, wakatoka na nadharia. Akasema, “Na Wazambia je?” Sikuwa na jibu la haraka.

Tukirudi kwenye maneno, Wagiriki waliita mahali pa onyesho kwa neno linalotokana na kutazama, na wakaiita drama kwa neno linalotokana na kutenda. Sisi tuna tamthilia, iliyotujia kutoka Kiarabu, ndugu yake mithali, mithili na tamathali. Maana yake ya asili ni kufananisha. Tuna maigizo, yatokanayo na kuiga. Tuna sanaa za maonyesho, istilahi iliyotiwa nguvu na wataalamu wa Dar es Salaam, nayo inaelemea kwenye kuona. Na lile la kutenda? Tunalo, ila tulilipeleka kwingine: utendi, au utenzi kama wengine wanavyopenda. Utungo mrefu wa ushujaa tuliupa jina linalotokana na tendo, na haukutungwa ili usomwe kimya kimya. Ulighaniwa mbele ya watu. Kwa maoni yangu, wanaohangaika kutafuta Kiswahili cha “performance” na kuishia kwenye “uwasilishaji”, neno lililonyauka kama ripoti ya kamati, wangelitazama hapa kwanza.

Je, ni kweli kwamba mtu wa Bodo hahitaji chuo kikuu ili aijue sanaa hii? Kwa upande mmoja mzee ana hoja. Sengenya ya Wadigo ina nzumari, ina ngoma zinazosemezana, ina upatu, ina mpangilio wa miili ambao hakuna aliyeuandika kitabuni. Kayamba la kupungia pepo lina mavazi ya rangi mahususi, lina sauti inayobadilika, lina mganga anayeliongoza kama mkurugenzi wa jukwaa, na lina hadhira isiyokaa kitako. Kijana aliyekulia hapa ameona maonyesho mengi kuliko kijana wa Nairobi aliyelipa kiingilio mara mbili maishani. Mzee mwenyewe alinitupia swali la pili, kali kuliko la kwanza: “Wale wa Vitimbi na Vioja Mahakamani walisomea wapi?” Nikakubali kwamba wengi wao chuo chao kilikuwa jukwaa lenyewe.

Tofauti ni hii. Anayecheza anajua namna. Chuo kikuu, kikifanya kazi yake, kinamfundisha kuuliza kwa nini, tangu lini, na kwa faida ya nani. Chukueni ngoma ya beni. Babu zetu waliicheza kwa magwanda na vyeo vya kijeshi, wakishindana mitaa kwa mitaa. Terence Ranger aliitafiti na mwaka wa 1975 akachapisha kitabu kinachoonyesha jinsi ilivyoenea kutoka miji ya mwambao hadi bara, na jinsi historia nzima ya ukoloni ilivyoweza kusomwa katika hatua za mchezo. Aliyeicheza alijua hatua. Ilibidi mwingine akae, akusanye, alinganishe. Mbona huyo mwingine asiwe binti wa Bodo?

Na hapa ndipo penye lawama kwa sisi wa vyuoni. Kozi nyingi za taaluma hii huanza na Wagiriki, zikapitia Shakespeare, zikamaliza na Wajerumani na Wapolandi, kisha “maonyesho ya jadi ya Kiafrika” yanapewa wiki mbili kabla ya mtihani. Mwanafunzi wa pwani hufika na hazina akaambiwa aiweke nje ya mlango. Nimewahi kuketi katika kikao cha chuo kimoja, ambacho sitakitaja, ambapo mwanafunzi aliyetaka kuandika tasnifu yake kuhusu ngoma ya kwao, kwa Kiswahili, aliambiwa kwamba mada ni nzuri ila lugha haifai kwa idara hiyo. Akaiandika kwa Kiingereza. Nilipoisoma, nyimbo zilikuwa zimefasiriwa hadi zikakosa ladha, na vyombo vya ngoma vimegeuzwa vyote kuwa “drums”. Sikusimama kumtetea kwa nguvu siku ile, na jambo hilo bado linaniuma.

Si kwamba njia nyingine haijapata kujaribiwa. Dar es Salaam walianza kufundisha sanaa za maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1960, na walimu na wanafunzi wao ndio waliotupa tamthilia ambazo sisi wa Kenya tulizisoma shuleni. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa Kinjeketile mwaka wa 1969, kisha akaenda Berlin Mashariki kuandika tasnifu ya uzamifu kuhusu maendeleo ya sanaa hiyo Afrika Mashariki. Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kama Profesa Mlama, aliandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Yeye, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, katika mwaka wa 1982 na 1983, si kuonyesha mchezo uliokwisha kuandikwa mjini, bali kuishi na wanakijiji, kuuliza tatizo lao ni lipi, na kulitengenezea mchezo kwa ngoma za palepale. Tatizo lililoibuka lilikuwa mimba za wasichana. Mwaka wa 1996 Mlama na Lihamba wakaanzisha Tuseme, mradi wa wasichana wa sekondari kutumia maigizo kusema yale yanayowazuia kusoma, ambao shirika la FAWE liliuchukua na kuupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Hapo shahada ilizaa kitu ambacho hata mjomba anayetaka uuguzi hawezi kukidharau. Mimba za mapema si habari ngeni Kwale.

Kwetu Kenya, mfano wa Kamiriithu unajulikana, nitaupitia haraka. Mwaka wa 1977 wakulima na vibarua wa Limuru waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kikuyu. Leseni ikafutwa baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong’o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na 1982 ukumbi uliojengwa na wanakijiji ukabomolewa. Nilipomsimulia mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi huo haukuwa mchezo.” Mwaka huo huo wa 1982, Alamin Mazrui, mtoto wa Mombasa na mwandishi wa Kilio cha Haki, naye alizuiliwa. Nilimtajia huyo pia, kwa sababu ni wa pwani na ni wa Kiswahili.

Wajomba waliuliza habari ya mshahara, na hawakukosea. Sikuwadanganya. Wapo wahitimu wa sanaa za maonyesho wanaozurura. Wapo wanaoigiza tamthilia za kutahiniwa shuleni. Kigogo na Bembea ya Maisha zimewalisha waigizaji wengi walioizunguka nchi kwa matatu. Wapo katika redio na filamu. Huku Diani wapo vijana wanaocheza ngoma mahotelini, ngoma ambayo kijijini ingekesha lakini pale inakatwa ikawa ya dakika chache kabla ya chakula cha jioni cha watalii. Nani anaamua ikatwe wapi? Mara nyingi si mchezaji. Mhitimu anayejua kupanga onyesho, kuandika mkataba na kutetea haki za kikundi angekuwa na kazi pale, ikiwa hoteli zitakubali kumlipa.

Halafu kuna mtaala mpya. Katika sekondari ya juu, mkondo wa Sanaa na Michezo una somo la maonyesho na filamu, na wizara ilikadiria kwamba asilimia 15 hivi ya wanafunzi wangefuata mkondo huo, huku 60 wakienda sayansi. Hata hiyo 15 inahitaji walimu. Shule ngapi za Msambweni na Lunga Lunga zina mwalimu aliyesomea jukwaa? Mwalimu wa Kiswahili anayependa tamasha la drama amelibeba jukumu hili miaka nenda miaka rudi bila malipo ya ziada.

Nimalize na jambo la lahaja, maana ndilo lililonipeleka Bodo. Katika vipindi vya televisheni, mhusika wa pwani husemeshwa “yakhe” kila baada ya maneno matatu, akaegemea ukuta akitafuna. Huyo si Mvumba wala Mchifundi wala Mmvita, ni kikaragosi. Mwigizaji aliyesomea fonetiki na akakaa kijijini wiki sita angejua kwamba mtu wa Funzi na mtu wa Vanga hawatamki sawa, na kwamba mzee anapomwambia mjukuu “mamangu” hafanyi mzaha. Kazi hiyo hufundishika. Kwa sasa haifundishwi sana.

Maji yalipojaa nahodha alianza kuniita. Msichana alinifuata hadi karibu na mashua. “Babu,” akaniuliza, “nikifika niulize nini?” Nikamwambia aulize mambo matatu kabla ya kulipa karo: atapanda jukwaani mara ngapi kwa mwaka, ataruhusiwa kuandika mradi wake kwa lugha gani, na mafunzo ya nyanjani hufanyiwa wapi. Aliyaandika kwenye simu.

Nyuma yake mzee alikuwa ametoka kivulini. Alisema anakubali, ila kwa sharti. Mchezo wa mwaka wa mwisho, ule wa kupewa alama, uletwe Bodo, uchezwe chini ya mwembe wakati wa mbalamwezi, na wazee wa ngoma wakae mbele pamoja na hao maprofesa. Nilimwambia kanuni za mitihani hazina kifungu cha mwembe. “Wewe si ndiye profesa?” akanijibu. “Kakitie.” Nahodha alikwisha sukuma mashua, ikabidi nijibu nikiwa ndani ya maji hadi magotini. Nilikubali kuandika barua.